Kilomita 21 za Kwanza: Kutoka Jogingi ya Mtaani Dar hadi Barabara ya Mweka

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji wa Moshi hujaa watu waliovaa raba. Kilimanjaro Marathon ilianza mwaka 2003, na ingawa jina ni la kilomita 42, wageni wengi wa mbio ndefu hulenga nusu yake: kilomita 21.1. Mwongozo huu ni wa mtu wa Dar es Salaam, au wa mahali pengine pa joto, ambaye mbio zake mpaka sasa zimekuwa za kuwahi daladala, na ambaye anataka kuipanda barabara ya Mweka, ule mwinuko mrefu unaoanzia mjini Moshi, na kuishuka akiwa mzima.

Nina msimamo mmoja na utauona kila mahali humu. Kwa anayeanza, uamuzi mkubwa si raba wala saa ya mkononi, ni watu atakaokimbia nao. Kundi zuri litakufikisha hata kwa raba za mtumba. Kundi baya litakuharibu goti kabla ya Krismasi.

Hatua ya 1: Anza Novemba

Hesabu wiki 16 kurudi nyuma kutoka siku ya mbio, utaangukia Novemba mwanzoni. Wapo wanaoanza baada ya Mwaka Mpya na wakamaliza, lakini ukiwachunguza utakuta ni wacheza mpira au watu wa kazi za kusimama kutwa. Pumzi ya mtu mzima huanza kutulia ndani ya wiki chache tu. Kano, vifundo na mifupa ya ugoko haviendi kwa kasi hiyo, vinataka miezi. Ndiyo maana wengi huumia wiki ya tano au ya sita, wakati ule ule wanapojiona wameiva.

Kabla ya yote pita zahanati upime presha na sukari. Kama umevuka miaka 40, una pumu, unavuta sigara, umewahi kubanwa kifua ukipanda ngazi, au katika ukoo wenu kuna mtu aliyeanguka ghafla na kufa angali kijana, muone daktari na umwambie wazi kwamba unataka kukimbia zaidi ya saa mbili mfululizo. Akikwambia subiri, subiri. Mbio zipo na mwakani.

Hatua ya 2: Chagua kundi kwa kuangalia mkia wake

Dar ina makundi ya namna mbili, na tabia zake hazifanani.

Kwanza ni klabu za jogingi za mitaani. Zina jezi, mwenyekiti, mtunza hazina, mfuko wa misiba, na kiongozi wa nyimbo anayekimbia ubavuni mwa kundi. Alfajiri ya Jumamosi au Jumapili utazisikia kabla hujaziona. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania hahitaji kufundishwa mchakamchaka. Miguu inakumbuka yenyewe. Mwendo ni wa pamoja, wa taratibu, na ukiweza kuitikia wimbo bila kuhema basi kasi yako ni sahihi. Hakuna saa ya bei mbaya inayopima vizuri kuliko hapo.

Pili ni makundi ya wakimbiaji wanaohesabu kilomita, yale yanayokutana pande za Masaki, Coco Beach na Daraja la Tanzanite. Hawa wanajua ratiba, wanajua mbio zote za mwaka, wanajua nani fundi mzuri wa misuli. Wanajua pia kushindana kimya kimya, na mgeni huvutwa bila kujijua.

Mimi humshauri anayeanza akae na klabu ya mtaani kwa miezi miwili ya kwanza, kisha aongeze siku moja kwa wiki na kundi la pili. Lakini kuliko aina ya kundi, angalia mkia. Nenda asubuhi moja bila kujiandikisha, wala usikimbie. Simama pale wanapomalizia na utazame wa mwisho anavyopokewa. Kuna mzoefu aliyebaki naye njiani? Maji yamebaki? Au picha ya pamoja imeshapigwa na watu wanasaka bajaji? Kundi linalopiga picha kabla ya mtu wake wa mwisho kufika litakuacha na wewe siku utakayokata moto.

Nchi hii ina sababu ya kumheshimu wa mwisho. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa nzima kabla yake. Akhwari aliingia uwanjani giza likiwa limeingia, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, na mpaka leo kuna watu wanaolijua jina lake ambao la mshindi hawalijui. Ila tuelewane: yeye alikuwa katikati ya Olimpiki. Wewe goti likivimba kwenye mazoezi ya Jumanne, panda daladala urudi nyumbani.

Uliza habari za michango mapema: ya mwezi, ya jezi, ya maji, ya misiba, ya Coaster ya kwenda Moshi. Si aibu kusema huwezi yote. Klabu yenye busara hukupa kazi badala yake, kama vile kupanga maji, kupiga picha au kuandika mahudhurio, na mara nyingi anayefanya kazi hizo ndiye anayejulikana haraka.

Kwa dada anayeanza, uliza maswali mawili zaidi. Wanawake wangapi wanakuja kila wiki, si wangapi wako kwenye grupu la WhatsApp? Na mtu anarudije nyumbani pale alfajiri inapokuwa bado giza? Kama jibu la pili ni kicheko, tafuta kundi lingine. Mavazi ni hiari yako. Wapo wanaokimbia kwa suruali ndefu na ushungi mwepesi wakawaacha wenye bukta. Kitu ambacho si cha kubania fedha ni sidiria ya michezo inayobana vizuri.

Hatua ya 3: Raba

Huhitaji raba mpya za laki kadhaa. Karume na kwenye masoko mengine ya mitumba kuna raba za mbio zilizo bora kuliko mpya za bandia zinazong'aa madukani. Ukiishika, iweke juu ya kitu bapa uitazame kwa nyuma: kisigino kikilalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshaimaliza. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ikiwa haibonyei, au ina mikunjo mingi, sponji imekufa hata kama juu inapendeza. Ikunje, na ikunjike penye vidole, si katikati. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazokimbilia, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba.

Wiki ya mbio si wiki ya raba mpya. Wala soksi mpya.

Hatua ya 4: Ratiba

Siku tatu kwa wiki zinatosha: mbili fupi, moja ndefu na kundi. Ongeza ya nne kama unalala vizuri na hakuna kinachouma.

Wiki ya 1 hadi ya 4, kimbia dakika mbili, tembea dakika mbili, mpaka dakika 30 ziishe. Siku ya kundi fika kilomita nne hadi sita hata kama nusu yake ni kutembea. Wiki ya 5 hadi ya 8, punguza kutembea mpaka uweze kukimbia dakika 30 au 40 bila kusimama, na mbio ndefu ipande taratibu hadi kilomita 10. Kuanzia wiki ya 9 hadi ya 14 mbio ndefu ziende hivi: 11, 13, kisha ushuke 10 ili mwili upumue, halafu 15, 16, 18. Hapo umefika. Hakuna haja ya kukimbia 21 kwenye mazoezi. Tatu za mwisho zitabebwa na siku yenyewe. Wiki ya 15 punguza hadi 10 au 12, na wiki ya mwisho kimbia mara mbili tu, dakika 20 au 30, kisha mikono mfukoni.

Karibu mazoezi yote haya yawe kwa mwendo wa kuongea. Ukishindwa kusema sentensi nzima, umezidisha. Hapa ndipo kundi linapoweza kukuponza: watu wazoefu wakichangamka kwenye tambarare, unachangamka nao. Jizoeze kusema "tangulieni" bila kuona haya. Ni neno dogo lakini limewaokoa wengi kuliko dawa ya kuchua.

Maumivu nayo yana lugha yake. Misuli ya miguu yote miwili ikiuma kwa pamoja siku inayofuata, hayo ni mazoezi tu. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, ya mguu mmoja, yanayoongezeka kadiri unavyokimbia, ni jeraha. Acha siku tatu. Yakirudi, nenda hospitali, usiende kwa mjumbe wa klabu mwenye mafuta ya kuchua, hata kama ni mtu mzuri sana.

Ukikosa wiki nzima kwa malaria, msiba au kazi, usiilipe. Endelea ulipoishia, au rudi wiki moja nyuma.

Hatua ya 5: Joto, giza na bodaboda

Ubaya wa ratiba hii ni kwamba inaangukia miezi ya kaskazi, ambapo Dar ina joto na unyevu kuliko wakati wowote. Saa mbili asubuhi jua limeshawaka. Kwa hiyo mbio ndefu zianze saa kumi na moja alfajiri, na mwendo wako uwe wa chini kuliko unavyotaka. Kasi utakayoiona ndogo Februari pale Kinondoni si kipimo cha utakachofanya kwenye ubaridi wa asubuhi ya Moshi.

Dalili za kuzidiwa na joto zijue kichwani: kizunguzungu, kusisimka kwa baridi juani, kichefuchefu, kuongea vitu visivyoeleweka. Simama, ingia kivulini, jimwagie maji shingoni na kwapani. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa asiachwe hata dakika moja. Huyo ni wa hospitali, na njiani aendelee kumwagiwa maji.

Giza nalo lina mambo yake. Vaa reflekta kama zile za bodaboda, ni bei ndogo. Kimbia upande unaotazamana na magari, na usizibe masikio kwa muziki. Kisha kumbuka kwamba bodaboda hutokea upande wowote, hata ule usioruhusiwa, mara nyingi bila taa. Kundi likiwa kubwa, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma wawe na tochi.

Hatua ya 6: Tafuta mlima

Hapa ndipo watu wa pwani hukwama. Kwa miaka mingi njia ya kilomita 21 imekuwa ikitoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, inapita mjini, kisha inaingia barabara ya Mweka na kupanda, na kupanda, kabla ya kugeuka na kurudi chini. Mbio ziko kati ya mita 830 na 1,150 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa si nyembamba ya kukutisha. Mwinuko ndio kazi. Mtu aliyefanyia mazoezi yote kando ya bahari hufika pale akiwa na pumzi nzuri na mapaja yasiyojua lolote.

Dar si tambarare tupu. Mlimani, chuo kikuu, kuna vilima vya kutosha. Goba, Kimara na Pugu vipo. Kuanzia wiki ya 7, moja ya zile siku fupi iwe ya kilima: panda dakika mbili kwa hatua fupi, macho mita chache mbele, si kileleni, shuka taratibu, rudia mara nne, baadaye sita hadi nane. Wengi hufanya kosa la kudharau kushuka. Kushuka ndiko kunakochana misuli ya mbele ya paja, na ndiko kutakakokufanya Jumatatu ushuke ngazi kinyumenyume. Mfundishe mguu mapema: hatua fupi na za haraka, mwili usilale nyuma kwa kujishika breki.

Hatua ya 7: Kula na kunywa

Chakula cha nyumbani kinatosha. Usiku wa kuamkia mbio ndefu kula wali, ugali au ndizi, mboga kidogo, na uache maharage na pilipili kwa siku nyingine. Asubuhi, saa mbili kabla ya kuanza kama unaweza: chai, mkate, kiazi kitamu au uji. Mbio zikizidi saa moja na nusu mwili unataka sukari njiani: tende mbili tatu, ndizi mbivu, au glukosi kwenye maji. Jaribu vyote kwenye mazoezi, maana tumbo la mtu ni lake.

Maji kunywa kwa kiu. Anayelazimisha chupa baada ya chupa anaweza kujiletea hatari ya chumvi kushuka mwilini, na dalili zake hudhaniwa ni ukosefu wa maji, akaongezewa mengine. Ukimaliza, dafu ni zuri, na chai yenye andazi ni nzuri vilevile.

Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaanza Februari, katikati ya kilele cha maandalizi. Anayefunga asiache kukimbia wala asijikomoe. Mbio fupi ziwe nusu saa kabla ya futari, kwa taratibu, ili umalizie kwenye tende na maji. Mbio ndefu zifanywe usiku baada ya tarawehe, na kundi, au zikamilishwe kabla mwezi haujaandama. Mbio zenyewe zikiangukia ndani ya mfungo, zungumza na imamu wako na daktari wako, si na sisi.

Hatua ya 8: Namba, Coaster na mahali pa kulala

Jiandikishe mapema kwa simu. Usitegemee kununua namba ya kubandika kifuani asubuhi ya mbio. Namba huchukuliwa siku za kabla, na kwa kawaida kuna vituo Dar, Arusha na Moshi. Mtu mmoja wa klabu akienda na vitambulisho vya wote mtaokoa siku. Usikimbie na namba ya mtu mwingine hata akikupa bure. Ukianguka, madaktari watampigia ndugu yake, na wako hawatajua.

Kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Mbio ni Jumapili, na Coaster inayoondoka Jumamosi asubuhi itawashusha jioni na miguu iliyovimba. Ondokeni Ijumaa, kwa sababu usingizi wa Ijumaa ndio wa kweli. Wa Jumamosi wengi huupata kwa vipande. Gesti za Moshi hujaa na bei hupanda, hivyo ziwekwe miezi miwili kabla. Mwenye shemeji Mchaga, huu ndio wakati wa kumkumbuka, ila umwambie mapema kwamba ukarimu wa mbege usubiri Jumapili mchana.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na popote nguo inaposugua. Wanaume wabandike plasta kwenye chuchu. Simama nyuma. Pale mbele pana watu wanaotafuta fedha, na watakukanyaga.

Kilomita za mjini ni za uongo: watu wanashangilia, miguu ni mipya, kila mtu anakupita. Waache wapite. Septemba 2025 kule Tokyo, kwenye mashindano ya dunia ya riadha, Mtanzania Alphonce Simbu alikaa ndani ya kundi karibu mbio nzima ya marathoni, akaingia uwanjani na wenzake, akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, na dhahabu ikaja Tanzania. Kama bingwa wa dunia aliweza kungoja kilomita 42, wewe unaweza kungoja mpaka Mweka.

Barabara ikianza kupanda, rudi kwenye mwendo wa kuongea. Kutembea sehemu kali kunaruhusiwa. Tembea kwa nguvu, mikono ikichapa. Kwenye meza za maji usigombanie ya kwanza, nenda ya mwisho ambako hakuna msongamano, na useme asante. Utapitwa na wazee wa miaka sitini na zaidi. Ukiwa na pumzi ya kusema "shikamoo", bado uko salama. Utajibiwa "marahaba, jikaze mwanangu," kisha utauona mgongo wake ukipotea konani.

Watu wa klabu wasikimbie wote. Wawili wabaki karibu na kilomita ya 18 au 19 wakiwa wamevaa jezi, wenye maji na glukosi, na wajue majina ya wageni wote. Kuitwa jina lako pale, baada ya mteremko kumaliza mapaja, kuna kazi kuliko chochote kilichomo kwenye chupa.

Ukibanwa kifua, ukiona giza au ukianza kupepesuka, kaa chini uwaite watu wa huduma ya kwanza. Medali ya mwakani itatengenezwa tu.

Hatua ya 10: Baada ya hapo

Usikae ghafla, tembea dakika kumi, vaa nguo kavu, kula ndani ya saa moja. Njiani kurudi Dar mwambieni dereva asimame kila baada ya saa mbili watu wanyooshe miguu. Wiki ya kwanza tembea tu. Ya pili kimbia kidogo, taratibu, bila saa.

Jumamosi utakayorudi klabuni kutakuwa na wapya, maana picha za Moshi huleta watu. Omba kukaa mkiani siku hiyo. Kazi yenyewe ina kanuni chache: usitangulie hata hatua moja mbele ya mgeni; usimwambie "tumefika" kama hamjafika; akitaka kutembea, wewe ndiye uanze kutembea ili asione haya. Beba maji, na nauli ya watu wawili.